Kabla ya Kununua Mche, Pima Baridi ya Shamba Lako

Anayesema Tanzania ni nchi ya joto, kwa hiyo ipandwe miti ya nchi za joto na basi, hajalala Makete, huku Nyanda za Juu Kusini, mwezi wa Julai. Kyela, pembeni mwa Ziwa Nyasa, iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600. Kati ya sehemu hizo mbili ni mwendo wa saa chache kwa gari, na kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua takriban nyuzi 6. Kakao inayozaa vizuri Kyela haimalizi mwaka Makete. Mtufaa wa Makete nao ukiteremshwa Kyela utaishi kwa shida, majani machache ncha ya tawi, matunda hakuna.

Kwa hiyo swali la kwanza shambani ni mwinuko, na mwinuko siku hizi unasomwa kwenye simu. Chini ya mita 1,000 ni nchi ya kakao, minazi, miembe na mibuyu. Kati ya 1,000 na 1,500, kama Usangu na Ilula, miembe na michungwa bado inazaa, ila maji ndiyo yanayoamua. Kati ya 1,500 na 1,900 unaingia Tukuyu, Mbozi, Mbeya mjini na Iringa mjini: kahawa, parachichi, makadamia. Juu ya hapo, yaani Njombe, sehemu kubwa ya Mufindi na Makete, ndipo matufaa, pichi na plamu zinapopata nafasi, na misindano inanenepa. Mipaka hii si ukuta. Tukuyu hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, Iringa mjini hupata chini ya nusu ya hizo, na miji yote miwili iko karibu mwinuko mmoja. Mwinuko unakupa joto la wastani tu. Mvua na sakitu uvitafute peke yake.

Sakitu, ule umande unaoganda alfajiri ukageuka barafu nyembamba juu ya majani, huua miche mingi katika mashamba ya juu. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku usio na mawingu wala upepo inateremka mtelemko kama maji na kutuama bondeni. Ndiyo maana mashamba mawili ya jirani, moja mgongoni mwa kilima na jingine bondeni kwenye vinyungu, yaani bustani za ardhi yenye unyevu, yanaweza kutofautiana nyuzi kadhaa usiku huohuo. Anayepanda parachichi kwenye kinyungu kwa sababu "kuna unyevu" anapata hasara mbili kwa mpigo: sakitu inababua maua, na maji yaliyosimama yanaozesha mizizi. Kinyungu kiache kwa mahindi mabichi na mboga. Miti ya matunda ikae katikati ya mtelemko, na kama kuna ua au mstari mnene wa miti upande wa chini, fungua mlango wa mita kadhaa ili baridi ipite iende zake.

Kupima ni rahisi. Nunua kipimajoto kinachohifadhi joto la chini kabisa la usiku, kining'inize kwenye kijiti mita moja na nusu kutoka ardhini, mahali palepale unapotaka kupanda, na uandike kila asubuhi kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti. Asiye nacho aweke sahani pana ya maji nje. Yakikutwa na utando wa barafu, parachichi na kahawa zitafutiwe sehemu nyingine ya shamba.

Sasa baridi yenyewe. Ya huku ni ya usiku zaidi kuliko ya msimu: alfajiri nyuzi 3, saa nane mchana nyuzi 18 au 20 na jua kali. Ulaya kipupwe hushika miezi mitatu hadi minne mfululizo, na siku zenyewe hufupika. London siku fupi kabisa ya mwaka ina mwanga wa saa zisizofika nane. Mbeya, tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ni kama saa moja tu. Mti wa kule, mwaloni kwa mfano, au mtufaa, umezoea kuambiwa na ufupi wa siku au na baridi kwamba ni wakati wa kulala, kisha unahesabu saa za baridi kabla ya kuamka. Ukiuleta huku unasubiri ishara isiyofika. Haufi. Unakaa kama mtu aliyeshindwa kupata usingizi wa kutosha: majani ya zamani yanang'ang'ania, machipukizi yanafunguka mojamoja, maua yanatoka kwa kudonoa tangu Agosti hadi Desemba.

Wengi hudhani kila mti unaopukutisha majani ni wa nchi za baridi. Miombo inayoizunguka Iringa inapukutisha, mibuyu ya Ruaha Mbuyuni inakaa uchi miezi mingi, na yote ni miti ya joto. Inapukutisha kwa ukame. Tena mitundu, ambayo ni miti ya miombo, na jamaa zake huchipua majani mekundu Septemba na Oktoba, kabla tone la mvua halijaanguka, kwa kutumia maji yaliyobaki chini. Na si kila chenye majani ya sindano kimetoka kwenye theluji. Msindano unaopandwa zaidi Mufindi na Njombe, patula, kwao ni milima ya Meksiko yenye ukungu. Milingoti na miwati ni ya Australia. Mpodo, ambao ni ndugu wa mbali wa misindano hiyo, ni wa misitu yetu wenyewe.

Tuanze na matufaa, maana ndiyo yanayoulizwa zaidi na ndiyo yanayokatisha watu tamaa zaidi.

Aina za Ulaya zinahitaji saa 600 hadi 1,000 za baridi chini ya nyuzi 7. Hata Makete si rahisi kuzifikisha, kwa sababu jua la mchana linafuta sehemu ya kile usiku ulichokusanya. Zinazofaa ni zenye mahitaji madogo, chini ya saa 300: Anna, iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden. Usipande moja peke yake. Anna haijichavushi vya kutosha. Katika kila miti minane au tisa weka Dorsett Golden mmoja, na mizinga ya nyuki isiwe mbali. Miche iwe imebebeshwa, yaani kuunganishwa, kwenye shina la chini linalovumilia chawa wa sufu, wadudu wanaojifunika kitu cheupe kama pamba, na shina liitwalo MM106 ni mojawapo. Ila shina hilohilo huoza shingo likizikwa, kwa hiyo kovu la kubebeshea libaki sentimita 10 hadi 15 juu ya udongo. Nafasi ya mita 4 kwa 4 inakupa miti 250 hivi kwa ekari.

Mti ukifika mwaka wa tatu, kazi yako ni kuulaza kwa nguvu. Milima ya Batu, Java Mashariki, Indonesia, wakulima wamekuwa wakinyofoa majani ya mitufaa kwa mikono na kupata misimu miwili kwa mwaka. Huku tuna mvua ya msimu mmoja, kwa hiyo msimu mmoja uliotulia unatosha. Utaratibu ni huu. Kuanzia mwishoni mwa Juni acha kumwagilia. Julai pogolea kidogo, toa yaliyokauka na yanayokwaruzana, kisha yainamishe matawi yaliyosimama wima kwa kamba na vigingi hadi yalale kiasi cha nyuzi 45 hadi 60 kutoka shina. Tawi lililosimama linatoa majani, lililolala linatoa maua. Mwisho wa Julai, au katikati ya Agosti kama mko kwenye sakitu ya kuchelewa, toa majani yote. Usiyavute kuelekea chini. Jicho la maua ya mwaka huo limekaa kwenye kwapa la jani, na ukivuta linang'oka pamoja na ganda. Kata kwa kucha au mkasi, acha kipande cha kikonyo, kitaanguka chenyewe. Baada ya hapo mwagilia kwa kulowesha hadi chini, kisha weka samadi iliyoiva na matandazo. Maua hutoka baada ya wiki tatu hadi tano.

Kinachoharibika mara nyingi hapa ni ratiba. Mtu anakusanya vibarua, ananyofoa Anna zote wiki hii, Dorsett anaziacha "tutazimalizia baadaye". Anna zinachanua bila wachavushaji, na mwenye shamba anailaumu mbegu. Shamba zima linyofolewe ndani ya siku tatu au nne. Kosa jingine ni kunyofoa mti wenye majani machanga laini, ambao haujakusanya akiba. Huo unachipua majani mengine, maua hakuna.

Matunda yakifika ukubwa wa gololi, bakiza moja katika kila kichala, na kati ya kichala na kichala iwe sentimita 15. Inauma kutupa matunda mabichi, lakini usipoyapunguza utavuna ya ukubwa wa limau na mwakani mti utapumzika. Jihadhari na ubwiri unga, ugonjwa wa fangasi ambao Anna inaupata kwa urahisi: ncha za matawi zinaonekana kama zimepakwa unga. Kata ncha hizo mapema, zichome. Matawi yakionekana na upara, yaani katikati hakuna kitu na majani yako nchani tu, ni dalili kwamba mti haukulala. Dawa yake ni kuinamisha na kunyofoa vizuri mwaka unaofuata. Mbolea zaidi haisaidii.

Pichi ni mpole zaidi, ndiyo maana unaikuta imejiotea nyuma ya nyumba Njombe na pembezoni mwa Mbeya. Lakini upogoleaji wake ni kinyume cha mtufaa, na hapa hata wazoefu huchanganya. Mtufaa unazaa kwenye vijiti vifupi vya zamani vinavyodumu miaka, ukivikata umekata matunda. Pichi inazaa kwenye tawi lililoota mwaka jana, na tawi likishazaa halirudii. Kwa hiyo pichi ikatwe sana, karibu nusu ya matawi yake, kila kipupwe, iache uwazi katikati kama bakuli. Isipokatwa, baada ya miaka minne matunda yote yako juu ambako ni ndege tu wanaofika. Matunda yaliyodondoka yaokotwe kila siku mbili na kufungwa kwenye mfuko mweusi juani. Usipofanya hivyo inzi wa matunda atahamia kwa jirani kisha arudi kwako.

Parachichi limewatoa watu wengi umaskini katika mikoa hii, na limewaingiza wengine kwenye madeni. Si mti wa baridi, ingawa linapandwa na wanaovaa makoti. Spishi ni moja, lakini kuna kundi la nyanda za chini lenye matunda makubwa ya majimaji, na kuna makundi ya milima ya Guatemala na Meksiko. Aina ya Hass, iliyotokana na mche wa Rudolph Hass wa California na kusajiliwa mwaka 1935, ina damu ya milimani. Ndiyo maana inapenda Rungwe, Mbozi, Njombe na Mufindi kati ya mita 1,500 na 2,000 na kidogo, na ndiyo maana ikipelekwa chini sana inazaa vitunda vidogo vinavyoiva haraka.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uweke kulia, wa chini kushoto. Rudisha ule wa juu kwanza ukiwa umechanganywa na ndoo mbili za samadi iliyoiva kabisa. Samadi mbichi inaunguza mizizi, na mizizi ya parachichi haina vinyweleo vingi vya kufidia. Acha wiki tatu udongo utulie. Wakati wa kupanda, inua kichuguu cha sentimita 30 na uweke mche juu yake. Mti huu unaweza kusamehe njaa, hausamehi kusimama majini hata siku mbili tatu, kwa sababu vimelea wa kuoza mizizi huogelea kwenye maji hayo. Kabla hujachimba mashimo yote, chimba moja, lijaze maji jioni, asubuhi likiwa bado na maji tafuta sehemu nyingine. Nafasi ya mita 7 kwa 7 inaingiza miti 82 kwa ekari. Mashina machanga yapakwe chokaa, maana jua la juu huku linababua ganda hata siku yenye baridi.

Ua la Hass linafunguka mara mbili: asubuhi likiwa jike, linafunga, kesho yake mchana linafunguka likiwa dume. Fuerte, aina nyingine ya parachichi, inafanya kinyume chake. Ukichanganya Fuerte moja kwa kila Hass tisa hivi, saa za majike na madume zinakutana. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 wakati wa maua, ratiba hii inavurugika na maua mengi yanadondoka. Mashamba ya juu sana hupata hasara hii hata bila sakitu. Pia huko juu tunda linachelewa, linaweza kubeba zaidi ya mwaka mtini, wakati mwingine likikutana na maua mapya. Usivune kwa kuangalia ukubwa. Chukua gramu 100 za nyama ya tunda, zikate nyembamba, zikaushe kwa moto mdogo hadi uzito usipungue tena. Zikibaki gramu 23 au 24, tunda limekomaa. Zikibaki 19, mnunuzi atakayelichukua atalirudisha limenyauka na kuwa kama raba.

Miti ya joto inayolazimishwa kupanda mlima sitaikalia sana. Mwembe Mbeya mjini unakua, unatoa kivuli kizuri, unachanua, kisha baridi ya usiku na ukungu vinadondosha maua. Mnazi utaota majani miaka yote. Migrivea ndiyo inayovumilia vizuri kuanzia mita 1,000 hadi 2,000, na kwa mpaka wa shamba la kahawa au chai sijaona bora zaidi, mradi ukate matawi ya chini kila mwaka. Mwanzi wa ulanzi, ambao Iringa utausikia ukitajwa pamoja na miti, ni jamii ya nyasi, hauna pete wala mbao, ila nani atakataa kuupanda.

Kwenye miti ya mbao kosa linaanzia kitaluni. Msindano hauwezi kukua bila fangasi wanaoishi kwenye mizizi yake. Changanya koleo moja la udongo uliochotwa chini ya misindano iliyokomaa kwa kila makoleo tisa ya udongo wa kitalu. Bila hivyo miche inakuwa ya njano na inadumaa hata ukiilisha mbolea. Viriba vitolewe kabisa siku ya kupanda. Kuna vibarua wanaopasua chini tu ili wamalize haraka; mizizi inajizungusha, na mti wa miaka sita unalala na upepo. Nafasi ya mita 3 kwa 3 ni miche 450 kwa ekari. Palilia duara la mita moja kuzunguka kila mche miaka miwili ya mwanzo, pogolea theluthi ya chini mwaka wa nne hivi, na kinga moto iwe safi kabla ya Agosti, kwa sababu moto wa Septemba na Oktoba unamaliza shamba la miaka kumi kwa saa moja. Patula ipandwe juu ya mita 1,500. Chini ya hapo msindano wa karibea unaishinda. Na kuvuna patula ya miaka minane kwa kuwa ada za shule zimefika, inaeleweka, ila mbao zake ni changa, zina mafundo na zinapinda zikikauka, ndiyo maana bei yake ni ya chini kuliko ya mti ulioachwa ufike 18 hadi 25.

Mlingoti una sifa ambayo msindano hauna: ukikatwa unachipua. Kata kisiki sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, mkato uwe wa mshazari maji yasikae, na baada ya mwaka bakiza machipukizi mawili au matatu yaliyo upande unaopigwa na upepo, ili yakandamizwe kwenye kisiki badala ya kubanduliwa. Mlingoti wa aina ya grandis unababuka kwa sakitu. Wa aina ya maidenii unavumilia zaidi. Usangu mchwa watakula miche yake kabla hujapata kivuli. Na popote ulipo, kaa mita 60 kutoka chanzo cha maji, kama Sheria ya Mazingira ya 2004 inavyotaka. Miwati, ambayo Njombe ilipandwa kwa ajili ya tanini, dawa ya kutengenezea ngozi, mbegu zake zina ganda gumu: chemsha maji, yaepue, yamwage juu ya mbegu na uache usiku kucha. Moto ukipita shambani nao unafanya kazi hiyohiyo kwa mbegu zilizolala ardhini, kwa hiyo usishangae wati ukirudi mahali ulipodhani umeumaliza.

Mpodo unakua polepole sana, na atakayevuna mbao zake ni mjukuu wako. Faida yake kwa mpandaji wa leo ni kwamba sakitu ya kawaida haiusumbui na unaweza kuupanda kwenye kingo za mto ambako mlingoti hauruhusiwi.

Jambo la mwisho ni kuulizia mche wenyewe ulikolelewa. Mche wa parachichi uliokuzwa kwenye joto la bondeni ukipandishwa moja kwa moja hadi Njombe mwezi wa Juni unapukutisha majani yote. Uhamishe mwanzo wa mvua, Novemba au Desemba, uweke chini ya kivuli chepesi wiki mbili, kisha punguza kivuli polepole wiki mbili nyingine ndipo uupande. Muulize pia muuza miche kijiti cha kubebeshea kilitoka kwenye mti gani, na kama mti huo unazaa aende nawe ukauone. Kovu la kubebeshea liwe limefunga, lisiwe na ufa, na utepe wa plastiki uwe umetolewa. Ukiachwa unakaba shina, na mti unavunjika hapohapo siku ukiwa na mzigo wa kwanza.